KUSETI VALVU ZA INJINI YA ZAMANI: PISTONI HUFIKA JUU MARA MBILI



Vijana wengi waliotoka Uvira, Fizi au Bukavu na kufika hapa Bujumbura huenda kutafuta kazi yao ya kwanza katika magaraji ya Buyenzi. Sababu inaeleweka. Buyenzi Kiswahili ndicho lugha ya kazi, na fundi hakuulizi diploma, anaangalia mikono yako. Mimi pia nilipita huko kabla ya kuanza kazi hii ya jamii, na ndiyo maana swali moja huletwa kwangu mara kwa mara: nitajuaje kwamba pistoni ya kwanza iko juu kabisa, ili niseti valvu? (Hapa mjini wengi husema supapu. Ni kitu kile kile.)

Nitaeleza kwa kutumia kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na miezi minne garajini. Siku hiyo palikuwa na LiteAce ya mzee mmoja anayeshusha mboga kutoka Bugarama. Fundi alikwisha kuseti silinda tatu, akatoka kwenda kutafuta spea, akaniambia nimalizie ya kwanza. Nikazungusha injini mpaka alama ya puli ikakaa sawa na sifuri. Nikasema moyoni, pistoni iko juu, nianze. Nilipopima, roka zote mbili zilikuwa zimebana, fila haikupita hata ile nyembamba. Nikafurahi, nikidhani nimegundua ugonjwa ambao hata fundi hakuuona! Nikalegeza skrubu mpaka fila ikapita vizuri, nikakaza nati, nikafunga mfuniko.

Injini ilipowaka ilipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mzee alikuwa na haraka, akaondoka hivyo hivyo. Kwenye kona za kupanda, fimbo moja inayosukuma roka ilichomoka mahali pake ikapinda. Mboga zililala barabarani zikaharibika, na mimi nililipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Fundi hakunigombeza sana. Aliniuliza tu: "Kijana, juu ipi?"

JUU IPI?

Injini nyingi za magari hufanya kazi kwa hatua nne, jinsi Mjerumani Nikolaus Otto alivyoifanikisha mwaka 1876. Pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikibana, hushuka kwa nguvu ya moto, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Hesabu mwenyewe: imepanda mara mbili. Krankshafti imezunguka mara mbili, lakini kamshafti, ile inayofungua valvu, imezunguka mara moja tu. Puli ya mbele imefungwa kwenye krankshafti. Kwa hiyo alama yake hufika sifuri mara mbili, na haiwezi kukuambia hii ni ipi.

Pistoni ikifika juu mwisho wa kubana, valvu zake zote mbili zimefungwa na roka zimelegea. Hapo ndipo pa kupimia. Ikifika juu mwisho wa kutoa moshi, valvu ya moshi haijamaliza kufunga na ile ya kuingiza imekwisha kuanza kufunguka. Zote mbili zimesukumwa kidogo. Ndiyo maana nilikuta zimebana. Sikuwa nimegundua ugonjwa, nilikuwa nimesimama kwenye juu isiyo yangu.

NAMNA YA KUITAMBUA

Ondoa waya wa betri kwanza. Weka gia huru, toa plagi zote (buji), maana bila mbano injini huzunguka kwa urahisi kwa spana iliyoshikwa kwenye boliti ya puli. Zungusha upande injini inakozungukia ikiwaka. Kwenye Toyota hizi, ukiwa umesimama mbele ya puli, ni kufuata mshale wa saa.

Wengi hufundishwa kuziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole, wakisikia upepo unasukuma wanajua ni mbano. Ni njia nzuri kwa injini nzima. Lakini injini inayoletwa kwako mara nyingi ni mgonjwa, na valvu iliyoungua au iliyobana mno huachia upepo, kidole kisisikie kitu. Wengine hufungua kifuniko cha distributa na kuangalia kama rota inaelekea waya wa kwanza. Nayo ni nzuri, ila kama aliyekutangulia aliirudisha distributa vibaya kisha akahamisha waya ili gari liwake, rota itakudanganya. Buyenzi nimeyaona magari ya namna hiyo si mara moja.

Mimi naamini roka. Katika injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja. Moja ikiwa inamaliza kubana, nyingine inamaliza kutoa moshi. Basi, alama ya puli ikikaribia sifuri, usiangalie silinda ya kwanza, angalia ya nne. Kama roka zake mbili zinabadilishana, moja inapanda na nyingine inaanza kushuka, silinda ya kwanza iko kwenye mbano. Shika roka za kwanza kwa vidole: zitacheza kidogo. Kama ni roka za silinda ya kwanza zinazobadilishana, zungusha puli mzunguko mmoja kamili. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, hauna gharama, na ungeniokolea miezi mitatu ya madeni.

ALAMA AMBAYO SI YA KUAMINI

Spea zetu nyingi zimetumika. Puli inaweza kuwa imetoka kwenye injini nyingine, au mfuniko wa mbele wenye namba umebadilishwa. Puli nyingine zina duara la nje lililounganishwa kwa mpira, na mpira ukichoka duara huteleza na alama huhama pamoja nalo. Ukishuku alama, tafuta juu ya kweli wewe mwenyewe.

Kijiti au spoku ya baiskeli iliyotumbukizwa kwenye tundu la plagi itakuonyesha pistoni inapanda, lakini haitakuonyesha juu kamili. Pistoni ikikaribia juu huwa kama imesimama. Puli inazunguka nyuzi kadhaa na kijiti hakionyeshi mabadiliko. Tena tundu likiwa la upande, spoku inaweza kunaswa ikapinda.

Njia ya uhakika ni kizuizi. Chukua plagi mbovu, vunja kauri ya ndani uitoe yote, umwombe fundi wa kuchomelea atie boliti yenye kichwa cha mviringo, ichomoze kidogo upande wa ndani. Kwanza zungusha puli mpaka pistoni ya kwanza iwe chini, ndipo ufunge kizuizi hicho. Zungusha puli polepole kwa mkono mpaka pistoni iguse kizuizi isimame. Piga mstari wa chaki kwenye puli, mbele ya ncha ya sifuri. Sasa zungusha kinyume, polepole, mpaka iguse tena. Piga mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili, upande ule ulio mfupi, ndiyo juu ya kweli. Pima kwa uzi ulioukunja mara mbili. Usitumie nguvu, na usiguse stata kamwe wakati kizuizi kiko ndani. Ukimaliza, kitoe mara moja ukiweke juu ya kiti cha dereva, usije ukakisahau.

Ili ujue umekosea kiasi gani: puli yenye mzingo wa sentimita 36 ina milimita 1 kwa kila nyuzi 1. Milimita 10 za kosa ni nyuzi 10. Kwa kurekebisha moto wa plagi hilo ni kosa kubwa, gari litakosa nguvu na litakula petroli, na wote tunakumbuka foleni za petroli za Bujumbura katika miaka ya 2022 hadi 2024. Lakini kwa kuseti valvu, nyuzi chache si kitu. Karibu na mwisho wa mbano roka hukaa zimelegea kwa muda mrefu. Nawaona vijana wakihangaika na unywele mmoja wa alama huku hawajauliza kama ni juu ya mbano.

KUPIMA

Tuchukue injini ya Toyota ya kabureta aina ya K, zilizofungwa kwenye Corolla na LiteAce za zamani. Mpangilio wake wa kuwaka ni 1-3-4-2. Injini ikiwa ya moto, valvu ya kuingiza hupewa milimita 0.20 na ya moshi milimita 0.30. Injini nyingine zina namba nyingine, kwa hiyo tafuta kibandiko chini ya boneti au kitabu chake, usikisie. Na kama roka hazina skrubu yenye nati ya kufungia, injini hiyo hairekebishwi kwa njia hii. Iache.

Silinda ya kwanza ikiwa juu kwa mbano, seti valvu zote mbili za silinda 1, ya kuingiza ya silinda 2, na ya moshi ya silinda 3. Hizo ndizo zilizofungwa kwa wakati huo. Zungusha puli mzunguko mmoja kamili. Sasa seti zote mbili za silinda 4, ya kuingiza ya silinda 3, na ya moshi ya silinda 2. Jumla nane. Ya kuingiza utaijua kwa kufuata bomba linalotoka kwenye kabureta, na ya moshi kwa kufuata bomba la ekzosi.

Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi chini ya kitabu. Ukikaza nati, skrubu hupenda kufuata, kwa hiyo ishikilie kwa bisibisi, kisha pima tena baada ya kukaza.

Kuna wateja wanaotaka injini iwe kimya kabisa na humsifu fundi anayebana valvu. Msiwasikilize. Valvu ya moshi hupoza joto lake kwa kukaa kwenye kiti chake kila inapofunga. Ikibanwa mno haikai, moto unapita pembeni, na baada ya muda ukingo wake unaungua. Hapo ni kufungua kichwa cha injini na kununua gasketi. Valvu iliyolegea hulalamika kwa sauti na utaisikia. Iliyobana haisemi kitu.

KWA WENYE MASHINE ZA KUSAGA

Akina mama wanaotegemea mashine za kusagia mihogo na mahindi wanajua injini ya dizeli ya silinda moja. Hapo hakuna silinda ya nne ya kuangalia. Funga dizeli kwanza, maana injini ya dizeli haihitaji plagi na inaweza kuwaka ukiizungusha. Ondoa mkanda wa kinu. Zungusha gurudumu zito polepole huku ukiangalia roka ya kuingiza: itashuka, kisha itapanda na kutulia. Baada ya hapo, alama ya kwanza ya juu itakayokuja ni ya mbano. Kama mashine ina kile kiwiko cha kuachia mbano ili iwake kwa urahisi, hakikisha umekirudisha kabla ya kupima. Kikibaki kimeinuliwa kinashikilia valvu wazi, nawe utaseti uongo.

Kabla ya kufunga mfuniko, iwe gari au mashine, zungusha tena mizunguko miwili kamili kwa mkono na upime upya kila valvu.

Wanaotaka kufanya mazoezi waje Jumatano saa nane mchana penye banda la mikutano. Tuna kichwa cha injini kilichokatwa ubavu, valvu zote zinaonekana zikifunguka na kufunga. Fila ni moja tu, kwa hiyo mwenye yake aje nayo.