Pumu: Kwa nini kifua hubana tena usiku hata baada ya kupuliza pampu ya bluu

Saa nane usiku kifua kinabana. Mgonjwa anakaa kitandani, anapuliza pampu ya bluu mara mbili, na baada ya dakika chache pumzi inarudi. Usiku unaofuata, yale yale. Kwa wagonjwa wengi wa pumu matibabu yanaishia hapo, na shida inaanzia hapo hapo.

Dawa ya kwenye pampu hiyo, salbutamol, hulegeza misuli inayozunguka mirija ya hewa. Kazi yake hudumu saa nne hadi sita, basi. Uvimbe ulio ndani ya mirija haiugusi. Uvimbe huo unaendeshwa na saitokaini, yaani molekuli ndogo ambazo chembe za kinga ya mwili hutumia kupeana taarifa.

Chukua mfano wa Lusewa, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Wilaya hiyo inalima tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa kuni ndani ya mabani. Ongeza jiko la mafiga, kuni zilizolowa wakati wa mvua, na mafua yanayozunguka nyumba nzima. Moshi, vumbi au virusi vikiumiza utando wa ndani wa mirija ya hewa, utando huo unapiga yowe kwa kutoa molekuli mbili: TSLP na interleukini 33.

Kila moja inaweza kuamsha chembe za kinga. Zikifika pamoja, mwamko unakuwa mkubwa zaidi. Chembe zilizoamshwa nazo zinatoa molekuli zao. IL-4 inachochea utengenezaji wa kingamwili za mzio. IL-5 inaita chembe nyeupe zinazoitwa eosinofili kutoka kwenye uboho wa mifupa. IL-13 inajaza makohozi mazito na kuifanya misuli ya mirija iwe myepesi kushtuka.

Ubaya ni kwamba mzunguko unajilisha wenyewe. IL-4 na IL-13 hulegeza utando ule ule uliopiga yowe mwanzoni, kwa hiyo moshi kidogo tu wa kesho unapenya kirahisi na TSLP inatoka tena. Usiku nao una lake: kotisoli, steroidi ya asili ya mwili inayotuliza uvimbe, hushuka sana saa hizo.

Ndiyo maana kuna pampu ya pili, mara nyingi ya kahawia, yenye steroidi kama beclomethasone. Hiyo inapunguza utoaji wa IL-4, IL-5 na IL-13. Tatizo, mtu akiipuliza hasikii nafuu papo hapo. Inataka siku kadhaa hadi wiki, kila siku, hata kama kifua kiko safi. Wengi wanaona haifanyi kitu, wanaiacha. Anayeitumia asukutue mdomo kwa maji kila baada ya kupuliza, asipate utando mweupe mdomoni.

Mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Mwaka huo huo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000.

Steroidi pia ina mipaka. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaovuta sigara, kunakuwa na IL-17 na chembe nyeupe za aina nyingine, neutrofili, ambazo steroidi haizitulizi vizuri. Kwa pumu kali ipo sindano ya tezepelumab inayoizuia TSLP, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Bei yake bado ni ya nchi tajiri.

Kupunguza moshi kunazuia yowe lenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa sasa, hata kupikia nje au kuanika kuni zikauke vizuri kunasaidia kiasi.

Anayehitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kifua, amwambie mganga hivyo hivyo na aulizie steroidi. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikianza kuwa ya bluu, asisubiri kukuche: apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, huku akiendelea kupuliza pampu njiani.