Kuonja Divai za Povu za Italia

Mtu anunuapo divai ya povu ya Italia kwa mara ya kwanza, aghalabu hupotoshwa na chupa kabla hajaionja. Akitaka divai isiyo tamu, huona maneno "Extra Dry", yaani kavu mno, akaichukua kwa furaha. Afikapo nyumbani huikuta ina utamu. Hakuibiwa. Kwa sheria ya Ulaya, chupa yenye maneno hayo yaweza kuwa na sukari ya gramu 12 hadi 17 katika kila lita, ilhali iliyoandikwa "Brut" yapaswa kuwa na chini ya gramu 12. Iliyoandikwa "Dry" peke yake ni tamu zaidi ya zote mbili, nayo huweza kufikia gramu 32! Maneno hayo ni urithi wa zama ambazo wanywaji wa Ulaya walipenda divai tamu sana.

Kwa hiyo mwonjaji mwenye busara hulinganisha Brut na Brut. Akiweka Brut ya wilaya moja kando ya Extra Dry ya wilaya nyingine, atakachopima ni sukari, wala si zabibu wala kazi ya mtengenezaji.

Povu lenyewe huzaliwa na hamira. Hamira hula sukari ya zabibu, ikatoa kileo pamoja na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya divai ikingojea kizibo kifunguliwe. Huko Franciacorta, kusini mwa ziwa Iseo katika Lombardia, hewa hufungiwa ndani ya chupa ile ile itakayouzwa, na divai hulala juu ya mashapo ya hamira kwa miezi isiyopungua 18. Ile iitwayo Riserva hulala miezi 60. Kutokana na usingizi huo hupata harufu ya mkate uliookwa na ya lozi. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya kale. La, divai ya povu iliyoipa wilaya hiyo sifa ilianza kutengenezwa mwaka 1961, katika nyumba ya Guido Berlucchi, kwa ustadi wa Franco Ziliani.

Prosecco, itokayo kaskazini-mashariki, hupata povu lake ndani ya tangi kubwa la chuma. Njia hiyo ilibuniwa na Mwitalia Federico Martinotti mwaka 1895, kisha Mfaransa Eugène Charmat akaiendeleza. Kwa kuwa divai haikai sana na hamira, hubaki na harufu ya matunda mabichi: tofaa, peasi, na maua.

Hapa ndipo wengi wanapoidhulumu Prosecco. Huionja kando ya Franciacorta, wakaiita nyepesi, kana kwamba wepesi ni kosa. Prosecco haikutengenezwa ili izeeke. Chupa nyingi zikiwekwa miaka mitatu kabatini hupoteza harufu iliyokuwa sifa yao. Tena Prosecco si zote sawa. Jina hilo hubebwa na divai za mabonde mapana ya Veneto na Friuli, na vile vile za vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, ambako miteremko mingine ni mikali hata mashine haipiti, na mkulima huchuma kwa mkono. Anayetaka jasho la mkulima huyo na atafute majina ya miji hiyo miwili kwenye karatasi ya chupa. Mwaka 2009 zabibu yenyewe ilianza kuitwa rasmi Glera, ili jina Prosecco libaki kuwa la mahali.

Asti ya Piemonte ni jamaa mwingine. Zabibu yake ni Moscato, na ile tamu husimamishwa kwa baridi kabla hamira haijamaliza sukari. Ndiyo maana kileo chake ni kidogo. Wajuzi wengi huidharau, lakini kwenye keki ya arusi ndiyo inayofaa. Brut ikinywewa pamoja na keki huwa chungu na kali, na bwana arusi akalaumu duka bure.

Siku ya kuonja, chupa hufunikwa kwa karatasi ili bei isiseme kabla ya ulimi. Hutangulia kavu, tamu ikawa ya mwisho. Prosecco na Asti hupozwa hadi nyuzi 6 au 8 za Selsiasi. Franciacorta yataka nyuzi mbili zaidi. Bilauri husuuzwa vizuri, kwani mabaki ya sabuni huua povu, na divai njema ikahukumiwa kwa kosa la mwosha vyombo.

Kufungua nako kwataka adabu. Msukumo wa hewa ndani ya chupa waweza kuzidi mara mbili ule wa gurudumu la motokaa. Chupa huinamishwa kidogo, mdomo wake ukielekezwa pasipo na mtu, jambo ambalo askari hahitaji kufundishwa. Mkono mmoja hushika kizibo, mwingine huzungusha chupa.

Kisha Franciacorta iachwe katika bilauri robo saa. Povu litakapotulia, harufu ya mkate ndipo itakapopanda. Prosecco isingojewe hivyo. Inyweke ingali baridi.