Msichana wa Miujiza si Mchawi

Dada yangu mdogo ameolewa Machakos, na likizo ya Aprili nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda kumtazama yeye na wanawe. Nilikuta nyumba imenuna. Binti yake mkubwa, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameanza kutazama katuni moja ya Kijapani pamoja na mdogo wake wa gredi ya saba. Baba yao aliuliza wanatazama nini. Yule mdogo, kwa haraka ya kutafsiri maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, akajibu kuwa ni hadithi ya wasichana wachawi. Siku hiyo hiyo simu ikachukuliwa.

Shemeji yangu si mtu mkali. Lakini neno "mchawi" si la mchezo Ukambani, na kwetu Pwani ni hivyo hivyo. Kilifi tumezika wazee waliouawa kwa kunyooshewa kidole tu. Serikali nayo ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa tangu 1925 na Waingereza. Mtoto akilitaja neno hilo sebuleni kwa kicheko, mzazi ana haki ya kushtuka. Nilipoombwa na dada niamue, nilikuta kwamba kosa lilikuwa la tafsiri zaidi kuliko la katuni. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa ugomvi wa namna hii nimeusikia Kisauni na Likoni pia.

Tuanze na katuni yenyewe. Inaitwa Puella Magi Madoka Magica. Kwa wapwa zangu ni mpya kabisa, ingawa Japani ilianza kuonyeshwa Januari 2011. Ina vipindi 12, kila kimoja kama dakika 24, kwa hivyo yote haifiki saa tano. Ni hadithi asilia, maana yake haikutolewa kwenye kitabu. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Katuni nyingi za Kijapani hutokana na manga, vitabu vya picha ambavyo wasomaji wameshavisoma, kwa hivyo mwisho wake unajulikana na mabishano huwa ni kama picha imekitendea haki kitabu. Katuni asilia haina wa kumuuliza. Watazamaji wote wako gizani pamoja, na kila wiki wanakisia upya.

Aina hii ya hadithi Wajapani huiita mahō shōjo, yaani msichana mwenye nguvu za miujiza. Ilianza kwenye televisheni mwaka 1966 na Sally, binti mdogo aliyeshuka kutoka nchi ya miujiza akaja kuishi na watu. Mwaka 1992 ikaja Sailor Moon, na kuanzia hapo mtindo ukawa kundi la wasichana wanaobadilika mavazi, wakapata nguvu na kupigana na maadui. Kwa kawaida kuna kimnyama kinachosema, kipambo kinachong'aa cha kubadilishia umbo, na urafiki unaoshinda mwishoni. Aliyezoea mtindo huo akiona picha ya kwanza ya Madoka, macho makubwa na rangi za peremende, atadhani ameshajua kila kitu.

Basi maoni yalikuwa haya. Mdogo alipenda mavazi na kimnyama cheupe kiitwacho Kyubey. Mkubwa alisema kipindi cha kwanza kilimchosha, kitamu kupita kiasi kama chai iliyozidi sukari, na akaendelea kwa sababu tu rafiki yake shuleni alimwambia asihukumu kabla ya kipindi cha tatu. Binamu yao wa kiume alilalamika kuwa mapigano ni machache. Mashabiki wengi wa katuni hizi wana desturi hiyo ya vipindi vitatu ndipo mtu aseme, na Madoka ndiyo mfano unaotajwa sana, kwa sababu mwisho wa kipindi cha tatu mmoja wa wasichana anakufa. Hafufuki. Wapwa zangu walikuwa wamefika hapo hasa simu ilipochukuliwa, kwa hivyo unaweza kukisia kilio kilichokuwemo mle ndani.

Anayetaka kuitazama bila kujua yaliyomo aziruke aya mbili zijazo.

Kyubey humwendea msichana na kumwambia: nitakutimizia haja moja, yoyote ile, nawe utakuwa shujaa na kupigana na majo. Sasa majo ni neno jingine. Ndilo mchawi wa kike, kiumbe wa kuleta maangamizi. Wajapani, kwa hivyo, wana maneno mawili, moja la msichana wa miujiza na jingine la mchawi, na hadithi nzima imesimama juu ya tofauti ya maneno hayo. Msichana anakubali, haja inatimia. Baadaye anagundua kuwa roho yake imetolewa mwilini na kutiwa ndani ya kile kipambo kinachong'aa. Baadaye zaidi anagundua kuwa akikata tamaa yeye mwenyewe atageuka majo, na wale aliokuwa akiwaua walikuwa wasichana kama yeye. Mmoja wao aliomba mkono wa mvulana mpiga fidla upone. Ukapona. Yule mvulana akaangukia kwa mwingine.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Nani hajasikia kisa cha mtu aliyefuga jini akapata mali ya ghafla, kisha jini likaanza kudai? Kyubey hasemi uongo hata mara moja. Hataji bei tu, na hakuna anayemuuliza.

Ukimwita msichana huyo "mchawi" tangu mwanzo, umeiharibu hadithi yenyewe na umemtia mzazi hofu isiyo mahali pake. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Tuna mganga, tuna mazingaombwe, tuna kiinimacho, tuna sihiri, tuna miujiza, na kila moja lina mlango wake. Uvivu wa kutafsiri ndio unaoyasukuma yote ndani ya chungu kimoja cha "uchawi". Mimi nimechagua "msichana wa miujiza". Halijakamilika, najua, maana wengine watasema miujiza ni ya mitume. Aliye na zuri zaidi atuletee.

Aliyenifungua macho hasa ni mama mkwe wa dada yangu, ambaye wajukuu humwita susu. Susu hasomi Kiingereza, basi mkubwa akawa anamtafsiria kwa Kikamba yale waliyokwisha kuyatazama. Alipofika kwenye jina la mashujaa wale akakwama. Kikamba kina mundu mue, mganga na mwaguzi anayetafutwa na watu, na mundu muoi, mchawi anayekimbiwa. Msichana akawa hajui atumie lipi. Susu akamwambia asiharakishe, aeleze kwanza wanafanya nini. Alipoelezwa kuwa wanapigania watu, akasema hao si aoi. Kisha akauliza swali ambalo watoto hawakuwa wamelifikiria: huyo mnyama mweupe anapata nini yeye?

Na kumbuka mji wenyewe. Machakos ni jina la Masaku lililopotoshwa kwa ulimi wa Waingereza, na Masaku alikuwa mzee wa Kikamba ambaye husimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa reli. Mji uliopewa jina la mwaguzi, halafu tunashindwa kutofautisha mwaguzi na mchawi kwa sababu ya katuni!

Kwetu sisi swali la susu lina jibu la zamani, ila limegeuzwa. Katika hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, paa anayesema anamnunulia maskini utajiri na mke kwa akili yake, bila kudai chochote. Binadamu ndiye anayevunja ahadi: paa anaugua, bwana wake anamdharau, na mali yote inapotea. Kule mnyama ni mwaminifu na mtu ni mwizi wa fadhila. Kwa Madoka mnyama ndiye mfanyabiashara. Niliwasimulia wapwa zangu kisa hicho usiku ule umeme ulipokatika, na mdogo akasema paa ni bora kuliko Kyubey lakini ni mjinga. Sijui nimjibu nini.

Nilimuuliza mkubwa kwa nini hatazami mashujaa wa kwetu, kwani wapo. Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, ilianza Super Sema kwenye YouTube, kazi ya kampuni ya Kukua, na Lupita Nyong'o ni mmoja wa walioisimamia na kuitilia sauti. Sema ni msichana wa miaka kumi anayekilinda kijiji cha Dunia dhidi ya mtawala wa kimashine aitwaye Tobor. Lisome jina hilo kinyumenyume. Julai 2023 Netflix ikatoa Supa Team 4, aliyoibuni Malenga Mulendema wa Zambia, wasichana wanne wa Lusaka wakiongozwa na mama mmoja jasusi mstaafu. Zote mbili ni hadithi asilia. Katika zote mbili nguvu za wasichana zinatokana na sayansi na mitambo.

Mkubwa alisema Super Sema ni ya wadogo, na ile ya Lusaka aliipenda ila hakuna aliyemlazimisha kulia. Nadhani amegusa penyewe. Watengenezaji wetu wamewapa wasichana chombo cha kushinda, na hilo ni jema, hasa kwa mtoto wa gredi ya tatu anayeogopa hesabu. Bado sijaona wa kwetu aliyethubutu kumweka msichana mbele ya ahadi tamu yenye bei iliyofichwa, wakati mabinti wa umri huu hukutana nayo kila siku, kutoka kwa mwenye pikipiki hadi kwa wakala anayeahidi kazi Ghuba. Mkataba unaosainiwa bila kusomwa si jambo la Tokyo peke yake.

Je, katuni hii inafaa watoto? Si wote. Kuna kifo kinachoonekana, kuna kukata tamaa kwingi, na rangi zake za peremende zinadanganya. Bodi ya filamu ya Kenya, KFCB, ina madaraja yake, GE kwa wote, PG kwa mtoto aliye na mzazi, kisha 16 na 18, lakini simu ya mtoto haimwulizi umri. Mimi nilimwambia shemeji kuwa wa kidato cha tatu anaweza, na wa gredi ya saba asiachwe peke yake. Alifikiri kutwa nzima. Jioni akairudisha simu kwa sharti moja: watazame sebuleni, naye akiwapo.

Nilipoondoka walikuwa kipindi cha nane, shemeji ameketi pembeni na gazeti asilolisoma, susu akitafsiriwa. Madoka mwenyewe, mwenye jina la katuni, alikuwa bado hajakubali kuingia mkataba na yule mnyama. Juzi shemeji amenipigia simu. Nilidhani ni habari za dada. Alitaka kujua tu, kabla ya watoto kurudi kutoka shule, kama msichana atakubali. Nimekataa kumwambia.