Mimi nipelekeni Lushoto

Swali la mahali ambapo mtu angependa kuishi, kama angeachiwa dunia nzima achague, halizeeki kwenye vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam. Mmoja atasema Toronto, mwingine Dubai. Dirisha la bahati nasibu ya viza ya Marekani lilipokuwa likifunguliwa, vijana walijipanga stesheneri kupiga picha za pasipoti. Siwalaumu hata kidogo. Kutafuta maisha ni haki ya kila mtu. Ila mimi nikiulizwa, jibu langu ni Lushoto, kwenye milima ya Usambara.

Ukitoka Mombo kwenda huko, joto la tambarare bado limekushika shingoni. Basi linaanza kupanda, kona baada ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Kufika Soni, penye maporomoko ya maji kando ya barabara, abiria wanafunga vioo bila kuambizana. Kina mama wanasogeza ndoo ndogo za mapeasi dirishani, yamepangwa makubwa juu. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai utakuta mtu kavaa sweta na koti mchana kweupe. Kabichi, karoti na njegere vinalimwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje.

Walioitamani milima hii kabla yangu ni wengi. Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto la pwani waliipenda mno, wakauita mji Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, na wakajitwalia ardhi ya wenyeji kwa mashamba yao. Mwaka 1892 ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, alikutana na ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo limo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na wataalamu walilipa jina la ukoo wake, Saintpaulia.

Mgeni ninayemheshimu ni mwingine: Mbegha. Katika kitabu cha Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia kuwa Mbegha alitoka Nguu akiwa amekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Alikuwa mwindaji. Aliingia Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao, na nyama akagawa. Wenyeji ndio waliomtaka abaki. Wakampa mke, hatimaye wakamkabidhi utawala, na ukoo wake, Wakilindi, ukatawala kutoka Vuga. Iwe alikuwa hivyo hasa au masimulizi yamemkuza, kisa hiki kinanigusa kuliko picha yoyote ya mandhari. Sisi tunaoota kuhamia mahali huulizana hali ya hewa na bei ya kiwanja. Nani anauliza atawafaa nini wale atakaowakuta?

Na swali hilo Lushoto lina uzito, kwa sababu ardhi ni finyu. Mashamba yamegawanywa baba hadi mwana mpaka yamekuwa vipande, na vijana wengi wameshuka Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki. Mtu wa mjini akija na fedha zake kununua kipande chenye mandhari nzuri kule Irente, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mazinde kuonekana chini kabisa, kuna kijana ambaye hatapata pa kulima.

Kwa hiyo sitafuti kiwanja, natafuta chumba cha kupanga. Kazi ninayoijua ni kuandika, na vijana waliomaliza kidato cha nne wakitaka kujifunza, jioni zangu ni zao. Nitakaa kwanza mwaka mzima, masika ikiwemo, pale udongo unapoporomokea barabara ya Soni na magari kulala njiani. Baada ya hapo majirani watakuwa wamenijua, nami nitawauliza kama naweza kubaki.