Ingia Kwenye Seva kwa Ufunguo, Si kwa Neno la Siri

Vijana wetu wengi hapa Pwani siku hizi wanatunza tovuti za madrasa, za hoteli na za maduka. Tovuti yenyewe hukaa kwenye seva ya kukodi, pengine Ulaya, na kijana yuko Mombasa na laptopu yake, aghalabu kwa waifai ya mkahawa. Ataingiaje huko bila ya aliye meza ya pili kumnasa?

Njia yake ni SSH. Aliitunga Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Zamani maneno hayo yakipita wazi, kama barua isiyo na bahasha. SSH hufumba kila kinachopita.

Kwenye Mac, Linux na Windows za karibuni programu hii imo tayari. Fungua dirisha la amri, andika ssh-keygen -t ed25519. Utaulizwa neno la kuulinda ufunguo. Liweke, maana laptopu huibiwa. Utapata mafaili mawili. Lile la .pub ni kama kufuli: hubandikwa kwenye seva, ndani ya faili la authorized_keys, na hata akiliona mtu si neno. La pili ndilo ufunguo wenyewe, halitoki kwako. Wako wanaomtumia fundi kwa WhatsApp ati awasaidie! Huko ni kumpa nyumba.

Kisha andika ssh, jina lako la seva, @, na anwani yake. Mara ya kwanza seva itakuonyesha alama yake ya kidole na kukuuliza kama unaitambua. Wengi huandika yes bila kusoma. Ilinganishe kwanza na ile uliyopewa na kampuni inayokukodisha. Siku ikija onyo kuwa alama imebadilika, na hukuambiwa seva imejengwa upya, simama hapo hapo uwaulize.

Seva iliyo wazi kwenye intaneti hubishiwa hodi usiku na mchana na programu zinazokisia maneno ya siri. Kwa hivyo, ufunguo ukishafanya kazi, ifungue sshd_config, uandike PasswordAuthentication no, uiwashe huduma upya. Lakini dirisha ulilo ndani yake usilifunge mpaka uingie tena kwa dirisha la pili, usije ukajifungia nje.