Saa moja na gorila

Wiki hii tupande mlima. Kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, upo msitu wa Bwindi. Katika eneo la msitu huo, na katika milima ya Virunga ambayo Uganda, Rwanda na Kongo zinagawana, ndimo wanamoishi gorila wote wa milimani waliobaki duniani. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 iliwakuta 1,063. Tusiwachanganye na sokwe wetu wa Gombe. Sokwe ni mwepesi, hurukia matawi kama mtoto mwizi wa maembe; gorila dume huweza kukaribia kilo 200, na mchana mwingi yuko chini akitafuna majani.

Gari halifiki huko. Alfajiri wafuata nyayo hutangulia hadi mahali gorila walipolala, kisha hufuata majani yaliyovunjwa. Wageni huja nyuma na mwongozaji wao, wakishika mizizi na kuteleza topeni, pengine kwa saa moja, pengine kutwa. Familia moja ya gorila hutembelewa mara moja kwa siku, na wageni wasiozidi 8. Wakishawaona, hupewa saa moja tu, wakiwa wamesimama mita 10 kutoka kwao. Mwenye mafua hurudishwa hata kama amekwisha kulipa.

Je, huu ni ukali wa bure? La. Mwili wa gorila u karibu sana na wetu, na maradhi yetu humwingia kwa urahisi. Mafua tunayoyamaliza kwa chai ya tangawizi yanaweza kumwua. Na gorila hawa wamezoeshwa watu kwa miaka kama miwili, kwa hiyo hawakimbii tena.

Mgeni wa kutoka ng'ambo hulipa dola 800 kwa saa hiyo. Na jirani wa msitu anapata nini? Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiishi kwa uwindaji na asali ya humo walitolewa bila ardhi. Wakulima wa kando ya msitu huamka wakakuta gorila wamebomoa migomba yao. Kweli, sheria inawatengea wanavijiji asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, lakini kiingilio si ile dola 800. Katika kibali cha gorila mchango wao umekuwa dola 10.

Mwaka 2020, korona ilipofunga utalii, aliuawa Rafiki, dume mwenye mgongo wa mvi aliyeongoza familia ya gorila 17. Aliyemwua alisema alikuwa akiwinda wanyama wadogo, gorila akamvamia, naye akajitetea kwa mkuki. Alifungwa miaka 11. Mimi sitetei mkuki ule. Ila dola 10 katika 800 ni kidogo mno kwa mtu anayetakiwa kuwa mlinzi wa kwanza wa mnyama huyu.