Beji imtie mtoto moyo, isimnunue

Huenda yamekupata, mzazi. Mtoto alianza mchezo kwa hamu kubwa, akawa anaamka kabla yako kila Jumamosi. Miezi mitatu baadaye, ikifika Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma. Saa ya mazoezi ikishapita, tumbo limepona na anaomba chai.

Maumivu yakija siku nyingine pia, mpeleke kwa daktari. Lakini yakija siku ya mazoezi pekee, yaelekea mtoto amekata tamaa na anaona haya kukuambia.

Usilichukulie jambo hili kuwa dogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto anayeuacha mchezo aghalabu hurudi kwenye kiti, mbele ya runinga au simu.

Chukua mfano wa mchezo wa vitara, ambamo wachezaji wawili hupigana kwa panga nyembamba zisizo na makali, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa. Wakenya wengi waliusikia kwa sababu ya Alexandra Ndolo, ambaye babake ni Mkenya. Mwaka wa 2022 alishinda medali ya fedha ya dunia mjini Cairo akiwakilisha Ujerumani. Kisha alihamia Kenya, na huko Paris mwaka wa 2024 akawa mchezaji wa kwanza wa vitara kuiwakilisha nchi hii katika Olimpiki.

Mchezo huu hunyoosha viungo, huimarisha miguu na hufundisha akili kuamua haraka. Hata hivyo, ni mgumu kwa anayeanza. Katika soka, mtoto aliyeshindwa huwa na wenzake kumi wa kugawana nao huzuni. Katika vitara yuko peke yake, na anaweza kushindwa wiki baada ya wiki ilhali ustadi wake unakua. Yeye haoni kukua huko. Anachoona ni kwamba amepigwa tena.

Hapo ndipo beji za ustadi zinapofaa. Kama ulikuwa Skauti, unazijua. Chama hicho, ambacho mwanzilishi wake Baden-Powell alizikwa Nyeri mwaka wa 1941, humpa beji kila anayetimiza masharti ya kazi fulani, hata wakiwa ishirini. Hakuna anayelazimika kumshinda mwenzake. Huko Uingereza na Ufaransa pia, wanaojifunza vitara hupimwa kwa ngazi na kutunukiwa kila wanapopanda.

Kocha anaweza kupanga ngazi zake hivi. Beji ya kwanza iwe ya usalama: mtoto avae kifuniko cha uso, jaketi na glavu bila kukumbushwa, na asimwelekezee ncha mtu ambaye hajafunika uso. Hili si la mzaha. Mwaka wa 1982, bingwa wa Olimpiki Vladimir Smirnov alifariki baada ya kitara cha mpinzani wake kuvunjika na kupenya kifuniko chake katika mashindano ya dunia huko Roma. Baada ya msiba huo masharti ya vifaa yalikazwa.

Beji ya pili iwe ya miguu: kusonga mbele, kurudi nyuma na kujirusha kwa mguu mmoja bila kuyumba. Ya tatu iwe ya kukinga pigo na kulijibu papo hapo. Ya nne apewe anayeweza kuamua pambano la wenzake kwa haki na kumfundisha mgeni namna ya kusimama. Angalia kwamba mtoto anaweza kuzipata zote nne bila kushinda hata shindano moja. Hili ni muhimu kwa sababu watoto wa umri mmoja hawakui kwa kasi moja, na mfupi wa leo si lazima awe mfupi wa kesho.

Lakini dawa yoyote ikizidi huwa sumu. Mwaka wa 1973, wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wadogo wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora. Wengine walipewa cheti hicho kwa ghafla baada ya kuchora, na wengine hawakupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye, walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Starehe yao ilikuwa imegeuzwa kibarua, na mshahara ulipokoma kazi ikadorora.

Kwa hivyo, beji isiwe chambo. Iwe ni habari, yaani imwambie mtoto, "Mwezi uliopita hukuweza hili, sasa unaliweza." Masharti yake yaandikwe ukutani ili kila mmoja ayajue. Mtoto mwenyewe aseme yuko tayari kupimwa lini, na akikosa apimwe tena bila kuchekwa. Isitoshe, beji isitolewe kwa kuhudhuria tu wala kwa kulipa ada, kwani watoto hutambua upesi kitu kisicho na thamani.

Nawe mzazi, usimwahidi chipsi akipata beji, wala usimuulize mwana wa jirani amefika ya ngapi. Akirudi nyumbani, mwombe akuonyeshe alichojifunza. Shika mwiko wa ugali, simama sebuleni, akukinge pigo. Kicheko chenu hapo kitamrudisha mazoezini Jumamosi ijayo kuliko zawadi ya dukani.

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Basi tukipe chanda muda wa kuwa chema kwanza, na pete ije baadaye kushuhudia.